Huku Sifai

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa tisa na robo alasiri. Nina hakika na saa kwa sababu nilikuwa jikoni nikitazama saa ya ukutani na kuomba gari lizidi kuchelewa. Si kwamba sikumtaka ayeyo. Ayeyo ni mama yake baba, na nilikuwa na miaka minane alipoondoka kwenda kuishi Uswidi na binti yake, yaani shangazi yangu, ambaye sisi tunamwita eddo. Nilimngoja ayeyo miaka tisa. Lakini mgeni kama huyo akifika Garissa nyumba hujaa, na ikijaa ni mimi ninayepita na sinia, na kila mtu ananiuliza niko kidato cha ngapi, na mbona sauti yangu ndogo hivyo, nimeweka maji mdomoni?

Gari likapiga honi. Nikajipanga nyuma ya mlango na glasi sita za maji ya ndimu.

Ayeyo alishuka akiwa amevaa koti. Wallahi, koti. Saa ambayo hata punda wa mikokoteni ya maji wamefichwa kivulini, bibi yangu anateremka na koti jeusi refu hadi magotini, nene kama godoro, lenye kofia ya manyoya. Watoto wa jirani waliokuja kushangaa walirudi nyuma hatua mbili. Baba aliniambia baadaye kwamba njia nzima kutoka Nairobi lilikuwa mapajani mwake, akalivaa tu wakati wa kushuka ili mikono ibaki mitupu ya kukumbatia watu.

Akatukumbatia. Alipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Mama akamsaidia kulivua.

"Mama, nalitundika hapa karibu," mama akasema, "uwe unaliona ukilihitaji."

"Weka mbali kabisa, gabadh," ayeyo akamjibu, akimwita binti kwa Kisomali, huku akipokea glasi kutoka kwenye sinia langu. "Mimi huku sifai."

Mama akalichukua koti, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba ambacho mimi na ayeyo tungelala, akaenda kuangalia wali.

Lazima nieleze lugha ya nyumba yetu, la sivyo hakuna kitakachoeleweka. Baba ni Msomali wa hapa hapa Garissa. Mama ni Mpokomo wa kandokando ya Tana. Walipooana mama hakujua Kisomali na ayeyo hakujua Kipokomo, kwa hiyo ayeyo aliamua mwenyewe kwamba katika nyumba ya mwanawe atasema Kiswahili, ili mkaza mwana asikae kama kiziwi. Ndiyo sababu mimi naandika kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili cha ayeyo ni cha Kisomali: p inatoka b, v inatoka f. Viatu ni fiatu. Pole ni bole. Kwa hiyo nilipomsikia pale mlangoni nilielewa papo hapo. Huku sivai. Hili koti, huku silivai. Nani angelivaa? Niliona ni jambo lisilohitaji maelezo, nikapita na sinia langu.

Mama naye fiatu na bole amezizoea, hata huziigiza tukiwa wawili. Lakini "huku sifai" ni sentensi nzima, haina kasoro yoyote ya kumfanya mtu asite. Aliipokea kama ilivyofika.

Shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametupa insha ya likizo: linganisha hali ya maisha katika nchi mbili unazozijua. Mimi nchi ninayoijua ni moja, na hata hiyo sijaimaliza. Dadaab nimefika mara mbili ndani ya lori la baba, maana baba ni dereva wa lori la maji kule, anaondoka Jumamosi na kurudi Alhamisi. Kotile nimefika mara moja, harusini. Nairobi nimeiona kwenye simu. Basi nilipiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari, kushoto nikaandika Uswidi na kulia nikaandika Garissa, kwa sababu Kenya ni kubwa na sikutaka kuisemea yote. Kila alasiri, joto likizidi na mtaa ukilala, nilikaa barazani na ayeyo akiwa na kikombe chake cha maziwa ya ngamia, nikamuuliza.

Kwa ayeyo naweza kuuliza. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye haniulizi mbona sauti ndogo. Ananiita "ayeyo", vile vile ninavyomwita mimi, kama ilivyo desturi yetu, na nikisikia hivyo najiona mtu mzima.

"Ayeyo, maji kule vipi?"

"Maji kule natoka ukutani. Ukitaka moto, moto. Ukitaka baridi, baridi. Na unakunywa hifyo hifyo, hakuna kuchemsha."

Nikaandika kushoto: ukutani, moto na baridi, siku zote. Kulia: bombani Jumanne na Ijumaa, yakija mapema bahati, siku nyingine ni mkokoteni wa punda.

"Na umeme?"

"Umeme ilibotea mara moja tu. Saa moja nzima." Akainua kidole. "Halafu wakaleta barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kuomba msamaha!"

Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nilipomweleza, mama akasema, "Wakianza kutuandikia sisi, karatasi itaisha Kenya nzima." Ayeyo akapiga paja. Lakini niliona mama hakucheka na macho. Alimtazama ayeyo kwa muda, akarudi jikoni.

Siku nyingine aliniambia kuhusu jua. Desemba, katika mji wao, jua linazama saa nane na nusu mchana. Saa nane na nusu! Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kama watu kwenye foleni. Eddo yuko kazini, ayeyo yuko ghorofa ya nne peke yake, anaswali magharibi halafu anakaa na kungoja jioni ianze. Nje kuna barafu, na ili usianguke unafunga chini ya viatu kitu chenye misumari. Kuna chumba cha kufulia nguo chini ya jengo, mashine nzuri ajabu, lakini lazima ujiandikie saa yako ubaoni, na ukizidisha dakika kumi utakuta karatasi yenye maneno ya adabu kali. Muuguzi huja nyumbani kila asubuhi na ufunguo wake, bure, anapima sukari, anahakikisha ayeyo amejidunga sindano, anaaga.

"Nilimbikia chai," ayeyo akasema. "Ya hiliki na tangawizi. Akasema, asante, sina dakika. Kesho yake tena nikabika. Asante, sina dakika. Mwaka mzima, ayeyo. Mimi nakunywa fikombe mbili, yangu na yake."

"Alikuwa mbaya?"

"Habana! Msichana mzuri sana. Wamembimia dakika tu."

Halafu majirani. Kwenye mlango kuna tundu dogo la kuchungulia. Ayeyo aligundua kwamba jirani wa mlango wa mbele huchungulia kwanza, na akimwona mtu kwenye ngazi anangoja ndani mpaka apite ndipo atoke, ili asilazimike kusalimia.

Nitasema ukweli, kwa kuwa daftari ni langu. Niliposikia hilo, moyo wangu ulifurahi. Nchi nzima ya watu kama mimi! Hapa kwetu kutoka nyumbani hadi dukani ni hatua sabini na salamu kumi na moja, na kila salamu ina ndugu zake: hujambo, nyumbani, mama, baba, ng'ombe, mvua. Nikaandika kwenye mstari wa majirani: Uswidi bora. Nilipomsomea ayeyo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Basi tukubeleke wewe, mimi nibaki," akasema.

Nilidhani ni mzaha. Lakini siku hiyo hiyo alianza kusema habari za mbuzi. Angenunua mbuzi wawili wa maziwa, wafungwe nyuma ya nyumba chini ya mti wa mathenge. Akataka hata kunionyesha mahali pa kuwajengea kizimba. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya mwezi mmoja tu, Jumatatu ya kwanza ya Januari. Mimi kwenye hesabu yangu nikasema mtu wa mbuzi wawili harudi Jumatatu.

Shida ilikuwa dawa. Ayeyo ana sukari, na sindano zake za insulini, zenye umbo la kalamu, hazitaki joto. Alikuja na akiba yake kwenye mfuko mdogo wenye barafu, mama akaondoa soda zote kwenye friji kuzipisha. Tulimpeleka kliniki wiki ya kwanza. Muuguzi, mama mnene mcheshi kutoka bara, alimsemesha Kiswahili taratibu kisha akanigeukia mimi: "Wewe mwenye daftari, andika." Nikaandika. Zile ambazo hazijafunguliwa, friji, rafu ya chini, mbali na barafu. Ile inayotumika, mtungi wa udongo ndani ya mtungi mwingine, katikati mchanga uloweshwe asubuhi na jioni. Umeme ukipotea siku nzima, zile za friji zihamishiwe kwenye boksi lenye barafu, zifungwe taulo zisigusane nayo, maana zikiganda zimekufa. Muuguzi huyo alikunywa na chai pale mezani akiongea na ayeyo kuhusu magoti. Foleni nyuma yetu ilikuwa imefika mlangoni na tulikuwa tumengoja tangu asubuhi. Nikaandika pande zote mbili, kwa haki: Uswidi hungoji. Garissa chai inanyweka.

Mitungi mama aliipata kwa watu wao mtoni. Ilifanya kazi vizuri. Lakini wiki ya pili umeme ulipotea alfajiri na haukurudi hadi magharibi. Mama alinituma barafu, tukaiweka kwenye boksi la plastiki na dawa ndani ya taulo. Kufika adhuhuri ni maji matupu. Nikatumwa tena. Alasiri tena. Mama alikuwa anafungua boksi kila mara kugusa, na kila akifungua joto linaingia. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda akilia kidogo, bila sauti.

"Si vizuri kumshikilia mtu mahali pasipomfaa," akaniambia.

Nilidhani anasema juu ya joto. Nikasema, "Barafu bado ipo kidogo, mama." Ndiyo faraja niliyoweza kutoa.

Baba aliporudi Alhamisi walizungumza wawili barazani, yeye na mama. Kesho yake nilimsikia baba kwenye simu na eddo: "Ndiyo. Tiketi ya Jumatatu ibaki vile vile." Hakusikika mwenye furaha. Na ayeyo alikuwa chumbani, dirisha wazi, akikunja mitandio.

Tangu siku hiyo ayeyo hakutaja mbuzi. Chakula alikula, maswali yangu alijibu, lakini jibu lilikuwa fupi kama la jirani wa Uswidi. Siku tatu baadaye, tukichambua mchele, akasema bila kunitazama:

"Baba yako iko na haraka na mimi."

"Hapana, ayeyo."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Si fibaya. Nyumba yake, mke wake amechoka, dawa yangu ni kazi. Mimi nilifikiri nitakaa."

"Umemwambia kwamba unataka kukaa?"

"Mtu anajikaribisha nyumba ya mtoto wake? Anakaribishwa." Akapuliza makapi. "Tena usiseme kitu."

Sikusema. Hilo ni jambo ninaloliweza kuliko yeyote. Nilijua anataka kubaki, na nilidhani baba na mama wamempima ayeyo kwa dawa na barafu wakaona haiwezekani, na kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Niliwakasirikia kimyakimya, nikazidisha sukari kwenye chai ya baba kwa makusudi. Hakugundua.

Ijumaa ya mwisho, siku tatu kabla ya tiketi, tukakaa sote sebuleni baada ya alasiri. Saa kumi na nusu. Simu ya baba iliegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndani yake alikuwa eddo, amekaa karibu na dirisha. Kwetu jua lilikuwa bado linachoma mabati. Kwake ilikuwa saa nane na nusu mchana na taa za barabarani zilishawaka, na theluji inaonekana nyuma ya bega lake. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la mahamri.

Eddo alizungumza haraka na mama yake, kama mtu aliyejiandaa. "Hooyo, nimeongea na kliniki huku. Muuguzi ataanza kuja Jumanne asubuhi. Lifti wameitengeneza. Nimebadilisha pazia chumbani kwako." Halafu akamgeukia baba, ndugu yake: "Walaal, huko joto, umeme hauaminiki, ambulansi sijui itatoka wapi. Tusidanganyane."

"Nani anakudanganya?" baba akasema. "Sisi tungependa abaki. Lakini mama mwenyewe alisema."

Ayeyo akainua kichwa. "Nani alisema?"

"Wewe, mama."

"Nilisema nini?"

Baba akamtazama mama. Mama akashika pindo la leso yake. "Siku ile ya kwanza, Mama. Ulipofika tu. Ulisema wewe huku hufai. Nimekaa nayo mwezi mzima. Nikasema, pengine ni joto, pengine ni mapishi yangu, pengine ameona nyumba imebadilika. Mtu akisema hafai mahali, utamlazimisha?"

"Mimi?" Ayeyo aligeuka kwa baba, kwa simu, kwa mama. "Wallahi sikusema!"

"Ulisema, Mama. Nimesimama karibu yako kama hivi."

"Sikumbuki! Kwa nini niseme? Nimefika nyumbani kwangu, niseme sifai?"

Na alipolitamka hilo neno ndipo nikaliona koti. Namaanisha nililiona kweli, kwa kuwa mlango wa chumba ulikuwa wazi na koti bado limening'inia pale pale mama alipolitundika. Mahamri yakaanza kuteleza kwenye sinia. Nilijua, na ilikuwa imebaki siku tatu, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeelewa maneno yote mawili, la ayeyo na la mama. Nikafungua mdomo na ikatoka ile sauti yangu ya maji.

"Ni koti."

"Nini?" akasema baba.

"Ni koti, baba. Alikuwa anasema koti."

Wote wakanigeukia, hata eddo ndani ya simu alisogeza uso. Nilitaka sakafu inimeze, lakini sinia lilikuwa zito, na mtu mwenye sinia zito hawezi kukimbia.

"Mama alimwambia analitundika karibu, awe analiona. Ayeyo hakusema hafai. Alisema havai. Huku sivai. V."

Kuku wa jirani alilia nje.

"Ndiyo!" ayeyo akapiga kelele. "Ndiyo, nakumbuka! Nilisema sifai!"

"Unaona?" mama akasema. "Anarudia."

"Sifai! Siyo sifai, sifai!" Ayeyo alisimama, akaanza kuvuta hewa kama anayeingiza mikono kwenye koti. "Hii! Hii! Sifai koti!"

"Kwa hiyo unafaa?" baba akauliza, na mdomo wake ulikuwa umeanza kutetemeka.

"Mimi nafaa! Nafaa sana! Koti ndio sifai!"

Eddo ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilikatikakatika kwenye simu, kikifika kwetu vipande vipande, halafu baba akainama na kushika magoti, halafu mama. Mama alicheka na kulia pamoja, akaenda kumshika ayeyo mikono, ile mikono iliyokuwa bado inavaa koti lisilokuwepo. "Mwezi mzima, Mama! Nimepika pilau mpaka jirani wakauliza kuna harusi. Kumbe ni herufi!"

"Na mimi nafikiri nafukuzwa," ayeyo akasema. "Nimekunja nguo zote. Mbuzi yangu nimeiacha."

"Mbuzi gani?" akauliza baba.

Ikabidi aelezwe na mbuzi.

Kicheko kilipopungua, eddo alikuwa amejifuta uso na kurudi kuwa dada mkubwa. "Sawa. Nimecheka. Lakini dawa haichekwi. Umeme ukipotea siku nzima mtafanya nini? Barafu si iliyeyuka saa sita?"

Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo, na nimegundua kwamba ukishaufungua ni rahisi kuliko kuufunga.

"Koti," nikasema tena.

"Ala! Huyu leo ni koti tu!" baba akasema.

Niliweka sinia chini, nikaleta daftari. Niliwasomea aliyosema muuguzi, la friji, la mtungi, la boksi na taulo. Kisha nikaeleza tuliyofundishwa kwenye fizikia: koti halina joto lake lenyewe, linazuia tu. Kule linazuia joto la ayeyo lisitoke. Tukilivisha boksi la barafu huku, litazuia joto la Garissa lisiingie. Ila mama asifungue kila mara. Nilisoma haraka mno, nikiwa nimeinamia karatasi, na nilipoinua macho eddo alikuwa ananitazama.

"Huyu ndiye yule aliyekuwa akijificha nyuma ya pipa nikipiga simu?"

"Ndiye," mama akasema.

Nyuma ya eddo sasa ilikuwa giza kabisa. "Hooyo," akasema polepole, "unataka kukaa?"

Ayeyo alijibu kwa Kisomali, na sitayaandika yote. Alisema anamshukuru kwa miaka tisa, kwa lifti na kwa pazia. Alisema kule hakukosa kitu hata kimoja, alikosa tu mtu wa kumaliza chai yake. Atakaa. Hospitali ikimshinda hapa atasema mwenyewe, na safari hii atasema kwa Kisomali.

Eddo alisema sawa. Alisema atasogeza tiketi, isipotee, pengine atakuja yeye mwenyewe Aprili. Halafu akatuambia mtandao wake ni mbaya na akazima, ingawa mtandao wake huwa mzuri siku zote. Nilimfikiria ghorofa ya nne, na pazia jipya kwenye chumba kisicho na mtu. Baadaye nilifungua ukurasa wangu wa mstari nikatafuta mahali pa kumwandika eddo, kushoto au kulia. Sikupata, nikamwandika juu, pembeni, nje ya mstari.

Jumamosi asubuhi, baada ya swala, nilikwenda dukani kununua barafu. Hatua sabini. Salamu zilikuwa tisa tu kwa sababu wengine walikuwa bado wamelala, nikazijibu zote na ndugu zao. Niliporudi nilifunga barafu kwenye boksi, nikafunga taulo tupu ndani kama jaribio, nikalitoa koti la Uswidi msumarini. Lilikuwa na harufu ya udi na ya mahali pengine nisipopajua. Nikalivisha boksi. Nikapandisha zipu hadi juu, nikakunja mikono kifuani mwake, nikalifunika na kofia ya manyoya. Lilikaa pale kwenye kona ya jiko kama mgeni mfupi aliyenuna.

Ayeyo alitoka na mswaki wake mdomoni, akalizunguka, akalibonyeza tumbo.

"Mashallah," akasema. "Leo imefaa."

Sikumuuliza ni kwa herufi ipi. Bomba la uani lilikuwa limeanza kukohoa, na siku yenyewe wala haikuwa Jumanne wala Ijumaa, nikakimbia na ndoo.